Sukari kwenye protini si uharibifu tu, ni alama ya ukaguzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni kuhusu makala ya afya iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, ambayo iliwaeleza wasomaji kwamba sukari inaponata kwenye protini za mwili huziharibu, na kwamba mwili wenye afya hauna protini za namna hiyo. Maelezo hayo yana ukweli yanapohusu madhara ya kisukari kisichodhibitiwa. Yakichukuliwa kuwa kanuni ya jumla, yanapotosha, kwa sababu ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna kazi ya kubandika sukari kwenye protini mpya kwa makusudi, usiku na mchana, na panya wa maabara walionyimwa uwezo wa kuianza kazi hiyo hufa wakiwa bado viinitete. Kwa hiyo naiomba idara yako ya afya, kila itakapogusia jambo hili, itenganishe sukari inayojibandika yenyewe na sukari inayobandikwa na seli. Nitaeleza kwa nini tofauti hiyo ina uzito.

Sukari inayojibandika yenyewe ndiyo ile ambayo wagonjwa wa kisukari huipima hospitalini kwa kipimo cha HbA1c. Glukosi iliyomo katika damu hukutana na hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na kushikamana nayo polepole, bila kimeng'enya chochote, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia, kuongoza jambo hilo, na kadiri glukosi inavyozidi ndivyo hemoglobini iliyonata sukari inavyoongezeka. Kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, kipimo hicho huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Ikumbukwe kwamba hata mtu asiye na kisukari huwa na hemoglobini ya aina hiyo, ila huwa chini ya asilimia 5.7. Hapa ni sahihi kusema kwamba sukari inapozidi huleta madhara, na sina ubishi juu ya hilo.

Sukari inayobandikwa na seli ni jambo jingine kabisa, kwa chanzo chake na kwa kazi yake. Takriban thuluthi moja ya protini za seli, hasa zile zinazokwenda kukaa kwenye utando wa nje au kutolewa nje ya seli kabisa, hupitia kwanza katika mtandao wa mifuko na mirija uitwao retikulamu ya endoplazimu. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na mnyororo huo haufanyi kazi yoyote mpaka ujikunje na kupata umbo lake kamili. Kujikunja huko kuna hatari nyingi. Sehemu zinazochukia maji, ambazo zinapaswa kufichwa katikati ya umbo, zikibaki nje hugandamana na sehemu za namna hiyo za protini nyingine, na mwisho wake ni bonge lisilofaa kwa lolote. Seli inahitaji njia ya kujua ni protini ipi imekwisha kujikunja, ipi bado inajaribu, na ipi imeshindwa. Kwa protini nyingi zinazopita humo, njia hiyo ni sukari.

Maandalizi yake yenyewe yanastaajabisha. Kishada cha sukari 14 hujengwa kwanza juu ya molekuli ya mafuta iitwayo dolikoli, iliyochomekwa katika utando wa retikulamu. Sukari saba za mwanzo, yaani asetiliglukosamini mbili na manosi tano, huunganishwa upande wa nje wa utando huo. Kisha kishada hupinduliwa na kuingia ndani, ambako huongezwa manosi nne na, mwisho kabisa, glukosi tatu. Mnyororo wa protini unapochomoza ndani ya retikulamu, mara nyingi ukiwa bado unatengenezwa na ribosomu kwa upande wa pili, kimeng'enya maalumu huutafuta mfuatano mmoja tu: asparajini, kisha asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Kikiupata mfuatano huo, huweza kukihamisha kishada chote kwa mkupuo mmoja na kukipachika kwenye asparajini. Hakuna bahati nasibu hapa, wala sukari ya kwenye damu haijipeleki yenyewe.

Kishada hicho kina faida ya kwanza iliyo wazi, kwamba hupenda maji na huchukua nafasi kubwa, hivyo huzuia minyororo michanga isigandamane. Lakini faida iliyonifanya niandike barua hii ni ya pili. Mara tu baada ya kupachikwa, kishada huanza kukatwa. Kimeng'enya kimoja huondoa glukosi ya kwanza, kingine huondoa ya pili, na protini hubaki na glukosi moja kwenye ncha ya kishada. Glukosi hiyo moja ndiyo inayotambuliwa na protini saidizi mbili, kalineksini iliyojikita katika utando na kalretikulini inayoelea ndani, ambazo huishika protini changa, huizuia isitoke, na kuikutanisha na vimeng'enya vinavyosaidia kuunganisha viungo vyake vya salfa mahali panapostahili. Baada ya muda protini huachiliwa, na glukosi ya mwisho nayo huondolewa. Ikiwa imejikunja sawasawa, safari yake huendelea kwenda Golgi, kituo cha seli ambako protini hukamilishwa na kupelekwa zinakohitajika. Ikiwa haijajikunja, huko ndani kuna mkaguzi anayeisubiri.

Mkaguzi huyo ni kimeng'enya kiitwacho UGGT kwa kifupi, nami nadhani ni miongoni mwa vimeng'enya vya ajabu kuliko vyote ambavyo biolojia imevifahamu. Huzipitia protini zilizoondolewa glukosi zote na kuzikagua umbo. Protini iliyokamilika huiacha ipite. Protini iliyokaribia kukamilika lakini bado inaonyesha nje sehemu zake zinazochukia maji, huirudishia glukosi moja kwenye kishada chake, na kwa glukosi hiyo moja protini hushikwa tena na kalineksini na kuanza jaribio jingine. Mzunguko huo unaweza kurudiwa mara nyingi. Zipo protini zinazomaliza kwa dakika chache na zipo zinazohitaji saa kadhaa. Kishada cha sukari, kwa hiyo, ni kama daftari la mgonjwa linalotembea naye kutoka chumba hadi chumba, ambalo kila anayemhudumia huandika alichofanya na anayefuata hulisoma kabla ya kugusa chochote.

Jinsi mkaguzi huyo alivyogunduliwa ni habari ambayo wasomaji wa gazeti wangeifurahia wakisimuliwa kwa kirefu siku moja. Luis Federico Leloir, mwanakemia wa Argentina aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970, alikuwa ameonyesha kwamba seli huibeba glukosi ikiwa imefungwa kwenye molekuli iitwayo UDP kabla ya kuitumia katika ujenzi. Mwanafunzi wake, Armando Parodi, aliendelea na kazi hiyo mjini Buenos Aires, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akichunguza vimelea vya Trypanosoma cruzi, vinavyosababisha ugonjwa wa Chagas. Vimelea hivyo vina upungufu wenye manufaa kwa mtafiti, kwani vishada vyao hupachikwa kwenye protini bila glukosi hata moja. Hata hivyo Parodi na wenzake walikuta glukosi kwenye protini zao. Ikiwa kishada kilipachikwa bila glukosi, basi glukosi hiyo iliongezwa baadaye, moja kwa moja kwenye protini, na ni lazima kuwe na kimeng'enya kinachoiongeza, kikiichukua kutoka kwa ile UDP ya Leloir. Umuhimu wa jambo hilo katika ukaguzi ulidhihirika katika muongo uliofuata, pale Ari Helenius na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, wakifuatilia protini za virusi ndani ya seli, walipopendekeza mwaka 1994 mzunguko wa kalineksini kama tunavyoufundisha leo. Uchunguzi wa kimelea ulifungua mlango wa kuelewa seli ya binadamu, na hiyo ni sababu tosha ya kuheshimu utafiti ambao manufaa yake hayaonekani mara moja.

Vipi kuhusu protini isiyojikunja kamwe? Haiwezi kuachwa izunguke milele. Wakati glukosi inaondolewa na kurudishwa, vimeng'enya vingine hukata manosi za kishada hichohicho polepole, na upole huo ndio unaohesabu muda. Protini iliyokaa mno hupoteza manosi kadhaa hadi kufichua manosi fulani iliyokuwa imefunikwa, na hapo hutambuliwa na protini nyingine, ambazo kazi yake ni kuipeleka kwenye njia ya kutokea. Hapo huvutwa nje ya retikulamu, hupigwa chapa ya yubikuitini, huvuliwa kishada chake cha sukari, na kusagwa ndani ya proteasomu ili asidi amino zake zitumike tena. Sukari ileile iliyoipa nafasi ya kujaribu ndiyo inayotoa hukumu kwamba nafasi zimekwisha.

Ni lazima niongeze, kwa uadilifu, kwamba huu si ukaguzi pekee uliopo. Protini zisizo na kishada, insulini ikiwa mojawapo, hujikunja kwa msaada wa protini saidizi nyingine, na hata zenye vishada hupitia mikono zaidi ya mmoja.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote, nalo ni kwamba ukaguzi huu hutazama umbo, hautazami kazi. Mkaguzi hana namna ya kujua kama protini yenye kasoro ndogo ya umbo ingeweza kufanya kazi yake huko inakokwenda. Akiona kasoro, huizuia. Mara nyingi hilo ni jema. Lakini yako magonjwa ya kurithi ambayo chanzo chake hasa ni ukali wa ukaguzi huu, na ugonjwa unaoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi ni sistiki fibrosisi, ambao hujaza mapafu ute mzito na kuharibu kongosho tangu utotoni.

Jeni ya ugonjwa huo ilitambuliwa mwaka 1989. Hutoa protini iitwayo CFTR, yenye asidi amino 1,480, ambayo huwa mlango wa kupitisha kloridi kwenye utando wa seli. Kwa wagonjwa walio wengi, badiliko ni kukosekana kwa asidi amino moja tu, fenilalanini ya nafasi ya 508. Swali la wakati huo lilikuwa kama mlango umevunjika au haufiki mahali pake, na jibu lilipatikana kwa kutazama sukari. CFTR ina vishada viwili. Protini ikifika Golgi, vishada hivyo hubadilishwa na kuongezewa sukari nyingine, hivyo protini nzima huwa nzito zaidi. Ikibaki katika retikulamu, vishada hubaki na manosi zake nyingi za mwanzo, na kimeng'enya cha bakteria kiitwacho Endo H huweza kuvikata, ilhali hakiwezi kukata vile vilivyokwisha kubadilishwa. Katika jeli ya maabara, ambayo hutenganisha protini kwa uzito, nzito zikibaki juu, CFTR ya kawaida huonekana hasa kama mstari mpana ulio juu. CFTR iliyokosa fenilalanini huonyesha mstari mwembamba wa chini peke yake, ambao Endo H huukata. Mtu akiutazama mstari huo anajua papo hapo kwamba protini ilitengenezwa na ikapewa vishada vyake, lakini haikuruhusiwa kuondoka.

Kisha mwaka 1992 ilionekana kwamba seli zenye badiliko hilo, zikikuzwa katika joto lililo chini ya nyuzi 30 badala ya nyuzi 37 za mwili, sehemu ya protini hizo hufika kwenye utando na kupitisha kloridi. Kumbe mlango ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi, ingawa si kwa ukamilifu. Ulizuiliwa njiani na kusagwa. Ni vigumu kwangu kulieleza jambo hili bila kuguswa, kwa sababu lilibadilisha namna ya kuitafuta dawa. Wataalamu walianza kutafuta molekuli ndogo zinazoisaidia CFTR kujikunja vya kutosha kupita ukaguzi. Elexacaftor na tezacaftor ni molekuli za namna hiyo, nazo hutolewa pamoja na ivacaftor, ambayo huufungua mlango ukishafika. Mchanganyiko huo wa dawa tatu uliidhinishwa Marekani mwaka 2019, na umewapa wagonjwa wengi pumzi ambayo kizazi kilichowatangulia hakikuipata.

Upo pia ugonjwa unaoonyesha upande mwingine, ambapo protini iliyozuiliwa huleta madhara palepale ilipozuiliwa. Ini hutengeneza protini iitwayo alfa-1 antitripsini, ambayo huyalinda mapafu dhidi ya kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu. Aina iliyobadilika kwenye nafasi ya 342 hushindwa kujikunja vizuri, hushikana yenyewe kwa yenyewe na kurundikana ndani ya retikulamu za seli za ini. Mapafu hukosa ulinzi, na ini huumia kwa mzigo usiotoka. Mgonjwa mmoja hupata maradhi katika viungo viwili kwa sababu mbili zinazopingana.

Niseme neno pia juu ya biashara, kwa kuwa makala potofu huipa biashara mbaya nafasi. Wapo wanaouza virutubisho vya sukari mchanganyiko kwa madai kwamba seli zinahitaji kulishwa sukari hizo ili zitengeneze vishada vyake. Mtu mwenye afya hana haja navyo, kwa sababu seli zake hutengeneza manosi, asetiliglukosamini na nyinginezo kutokana na glukosi ya kawaida. Vivyo hivyo, kula sukari nyingi hakuufanyi ukaguzi uwe bora zaidi. Wapo watu wachache wasioingia katika kanuni hii, na ni muhimu wasisahaulike. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kinachogeuza sukari iliyotokana na glukosi kuwa manosi hupungukiwa na manosi ya kujengea vishada, na mwaka 1998 iliripotiwa kwamba kupewa manosi kwa mdomo kunawasaidia. Hiyo ni tiba ya ugonjwa mmoja uliothibitishwa, chini ya uangalizi wa daktari, na haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuitangaza kwa kila mnunuzi.

Watoto hao ni sehemu ya kundi kubwa zaidi. Daktari Jaak Jaeken wa Ubelgiji alieleza mwaka 1980 wagonjwa wa kwanza wa kundi la magonjwa ya kurithi ambayo kiini chake ni hitilafu katika ujenzi au upachikaji wa sukari hizi, na leo aina zake zinazojulikana zimezidi 100. Mwaka 2012 uliripotiwa ugonjwa unaotokana na upungufu wa kimeng'enya kinachovua kishada kutoka kwenye protini zilizotolewa ili zisagwe. Watoto wenye ugonjwa huo huchelewa kukua kiakili, mwili wao hutikisika bila hiari, na wengi wao hulia bila machozi ya kutosha. Hitilafu katika hatua moja ya njia niliyoieleza inatosha kuathiri ubongo, ini, misuli na damu kwa pamoja, na ndiyo maana magonjwa haya huchukua miaka kutambuliwa, mzazi akizunguka kutoka kwa mtaalamu mmoja hadi mwingine.

Kwa wazazi wa namna hiyo, na kwa madaktari wanaowahudumia, ningependa gazeti lako litaje kipimo kimoja ambacho hakijulikani sana. Transferini, protini ya damu inayobeba madini ya chuma, kwa kawaida ina vishada viwili, na kila kishada huishia na asidi siali mbili, ambazo ni sukari zenye chaji hasi, hivyo jumla huwa nne. Sampuli ya damu ikitenganishwa kwa chaji ya umeme, transferini yenye asidi siali pungufu hujitenga na ile iliyo kamili, na daktari hupata dalili ya mapema kwamba vishada havijengwi sawasawa. Kipimo hicho hakigundui aina zote. Ule ugonjwa ulioripotiwa mwaka 2012, kwa mfano, kwa kawaida hauonyeshi kasoro yoyote katika kipimo hicho, na matokeo ya kipimo yanaweza pia kubadilishwa na unywaji mkubwa wa pombe au na maradhi mengine ya ini. Lakini kwa mtoto anayechelewa kukua, mwenye misuli dhaifu na kasoro za ini ambazo hazijapata maelezo, ni kipimo cha damu ambacho daktari anaweza kukiomba kabla ya kuingia katika uchunguzi mpana wa jeni.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa biolojia, shule ya sekondari